Chokea Iliyorudi Mara Tatu

Wenzangu wa kliniki, siku ya kuniaga kwa kustaafu mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye ndiyo kwanza ameambiwa hana tena mahali pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni kwangu, hapa mtaani Barani, na inakwenda vizuri, ahsanteni. Katika hotuba zenu mlinisifu kwa mambo mawili, mkono mwepesi na mdomo mwepesi. Mliposimulia kile kichekesho changu cha mahamri ukumbi mzima ulicheka, nami nikacheka mpaka nikajifuta machozi. Mzee mmoja tu, mwenye miwani nyeusi na kofia nyeupe, aliyekaa karibu na mlango, hakucheka. Mmoja wenu aliniuliza baadaye yule ni nani na nani aliyemwalika. Nilimwalika mimi. Jibu la swali la kwanza ni refu, ndiyo maana naliandika.

Habari za vyeo na barua za kupandishwa daraja mtaniwia radhi. Zimo kwenye faili, na faili limo kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulipotea kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Nitaandika juu ya macho mekundu na vivimbe vya kope, vitu viwili ambavyo kila mtu mjini Malindi anajua dawa yake isipokuwa yule anayeugua.

Nilipelekwa kliniki ya macho nikitoka wodi ya wazazi. Nilikuwa muuguzi kijana, na jicho nililolijua ni la kupaka wanja. Kliniki yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Mlango wake ulikuwa umeliwa na mchwa, ukaondolewa ili utengenezwe, na mahali pake pakatundikwa pazia la maua kwa muda. Muda huo ulidumu karibu maisha yangu yote ya kazi. Nje ya pazia, hatua mbili tu, lilikuwepo benchi la wagonjwa. Lolote lililosemwa ndani lilisikika nje, na waliokuwa nje walilijadili kwa uhuru kama wako barazani kwao. Pazia hilo mlikumbuke, nitalirudia.

Mkubwa wa kliniki alikuwa Mzee Karisa, mtu wa Adu, mrefu na mkimya, mwenye tochi ndogo ya chuma iliyofungwa raba ya baiskeli kiunoni ili isiteleze mkononi. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa hapo nyuma yangu. Kwa wiki mbili usiseme na mgonjwa."

"Nisiseme nini, Mzee?"

"Hayo unayoyasema sasa."

Mimi ni mzaliwa wa Mambrui, nimekulia nyumba yenye shangazi watano. Wiki mbili za kunyamaza kwangu zilikuwa kifungo. Nilikaa nyuma ya mzee yule nikiuma ulimi, na kila mgonjwa aliyepenya pazia, yeye alinigeukia na kuinua nyusi: jicho gani? Nijibu kwa kidole kabla mgonjwa hajakaa. Nikikosea alitikisa kichwa na kuendelea na kazi. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza nilikuwa nimegundua jambo la kuudhi, nalo ni kwamba mtu asiyesema huona mambo mengi.

Wekundu, alinifundisha, una mahali pake. Ukiwa mwingi pembeni na ndani ya kope, jicho likatoa tongo, na mgonjwa bado anaona vizuri, mara nyingi ni ugonjwa wa kuambukizana. Mwambie anawe mikono, asishirikiane taulo na mtu, utapita. Lakini wekundu ukikusanyika katikati, ukazunguka ule weusi wa jicho kama pete, na mgonjwa akalalamika maumivu, na mwanga ukamchoma, na kuona kukapungua, hapo usicheze. Tazama mboni. Zatoshana? Zanywea ukizimulika? Kioo cha jicho king'avu au kimeingia ukungu? Tia ile rangi ya manjano uone kama pana kidonda. Pindua kope uone kama pana mchanga. Yote hayo kabla ya kumwuliza mtu alikula nini au amemkosea nani.

"Tia tochi kwanza," alikuwa akisema. "Maneno baadaye."

Nilidhani ni mafundisho ya udaktari. Kumbe alikuwa anaisema tabia yangu.

Katika miezi ile ya mwanzo aliletwa mama mmoja kutoka huko huko Adu, aliyekuwa amelazwa siku mbili wodi ya wanawake akitapika. Walimtibu tumbo. Tumbo lilipokataa kupona walimtibu malaria, kwa kuwa malaria haijawahi kukataa kutibiwa. Alipolalamika kichwa walimpa dawa ya kichwa. Jicho lake la kushoto lilikuwa jekundu kama embe la ngowe upande wa jua, na madaktari watatu walikuwa wamelitazama wakaandika kwenye karatasi zao kwamba mgonjwa analia sana. Mzee Karisa alimulika. Mboni ilikuwa pana, haisogei, na kioo kimefifia. Akalibonyeza jicho polepole juu ya kope kwa vidole viwili, kisha akaniashiria nami nibonyeze. Lilikuwa gumu kama jiwe. Ilikuwa presha ya jicho iliyopanda ghafla, na kutapika kulitokana na maumivu. Tuliliwahi jicho, ingawa si lote. Mzee Karisa aliandika barua fupi kwenda wodini: "Tumbo la mgonjwa huyu halina kosa." Nakala yake niliitunza kwa miaka.

Zile wiki mbili zilipokwisha niliruhusiwa kusema, na hapo ndipo matatizo yalipoanza, ingawa kwa muda mrefu niliyaita mafanikio.

Mnajua watu wetu na jicho jekundu. Wa kwanza atatia maziwa ya mama anayenyonyesha, na kama nyumbani hakuna anayenyonyesha ataombwa jirani, na jirani atatoa kwa moyo mweupe. Wa pili atatia mkojo. Wa tatu atatia asali, wa nne atatia punje za sukari ili zikwangue uchafu, na ni kweli zinakwangua, pamoja na kioo cha jicho. Siku moja akaja mama na mtoto ambaye macho yake yalikuwa yamegandana. Akasema amemwosha kwa chai.

"Chai ya rangi au ya maziwa?" nikamwuliza.

"Ya maziwa, Sista. Na tangawizi kidogo."

"Na mahamri mlitia?"

Benchi lote nje ya pazia liliangua kicheko. Mama mwenyewe alicheka, au alifunua meno, wakati ule sikujua tofauti. Mzee Karisa hakuinua uso, alikuwa anasafisha jicho la mtoto. Kufikia alasiri kichekesho kilikuwa kimefika sokoni. Wiki iliyofuata mtu alinisimamisha njiani akanisimulia mimi mwenyewe kana kwamba sikuwepo. Nikaona nimepata kipaji, na kama kila mwenye kipaji kimoja nikakitumia mpaka kikachakaa. Swali la mahamri niliwauliza watu kwa miaka, wawe wametia chai, wawe hawakutia.

Wenye maduka ya dawa nao niliwasema, na hao sijutii. Mlangoni pa hospitali palikuwa na kijana mmoja aliyeuza tone moja kwa macho yote ya wilaya. Mekundu? Chukua hili. Yanawasha? Chukua hili. Huoni? Chukua mawili. Tone lenyewe lilikuwa la aina ile inayoondoa wekundu upesi, likamfanya mgonjwa aone muuzaji ana baraka, na huku chini yake kidonda kinanawiri. Mkulima mmoja alichomwa na jani la mhindi, kwenye kioo cha jicho pakatokea doa jeupe dogo kama chenga ya mchele. Akalitia tone lile wiki tatu. Alipofika kwetu jicho lilikuwa jeupe kiasi kwamba hapakuwa na kitu cha kuokoa. Kijana wa duka alipoambiwa, alisema mteja hakurudi kulalamika. Angerudi vipi, naye hakuona njia?

Mzee Karisa alistaafu bila sherehe. Alinikabidhi ile tochi yenye raba kiunoni, akanionyesha chupa ndogo zenye dawa ya kuhifadhia nyama za kupelekwa maabara, zilizopangwa rafu ya juu.

"Kivimbe cha kope kikirudi pale pale, usikitupe. Kitie chupani kiende Mombasa kikapimwe. Na mtu mzima ambaye nywele za kope zimeng'oka juu ya kivimbe, hata kama ni mara ya kwanza. Chokea haing'oi nywele za kope."

"Nimesikia, Mzee."

"Umesikia. Na huo mdomo upunguze."

Nikacheka. Nilidhani ananitania, mtu ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumtania yeyote.

Sasa nafika kwa mzee mwenye miwani nyeusi. Jina lake Ami Bwanaheri. Ni fundi wa kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi mweupe, ambazo kofia moja hula miezi. Nyumba yake iko njiani kwangu hapa Barani. Kila asubuhi nikienda kazini alikuwa amekaa dirishani kwake, uso kwenye uchochoro, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaoonyesha uzi. Tulisalimiana kila siku ya Mungu. "Shikamoo, Ami." "Marahaba, mwanangu. Nenda ukawaonyeshe watu njia." Hayo ndiyo maneno yake ya kila asubuhi, wala hayakunichosha.

Siku moja akaja yeye kliniki. Kope ya juu ya jicho la kulia ilikuwa na kivimbe kama choroko, kigumu, hakimwumi. Nanyi mnajua sote tulivyolelewa hapa: mtoto akiota chokea huulizwa amemchungulia nani akioga. Ni maneno ya kuwatisha watoto, na watu wazima huyatumia kwa utani, na sikumbuki mtu aliyeumizwa nayo kabla ya hapo. Ami Bwanaheri akakaa kitini, akavua kofia, akanielekezea jicho. Tochi ilikuwa mfukoni. Mdomo ulikuwa karibu zaidi.

"Ehee! Ami Bwanaheri! Na dirisha lile lako! Sema kweli, umemchungulia nani?"

Benchi lilicheka kwa kukohoa. Mwanamke mmoja nje alisema, "Ndiyo maana kila asubuhi yuko pale!" na kicheko kikaanza upya. Yeye alitabasamu, akaishika kofia yake kwa mikono miwili juu ya mapaja. Nilimchoma ganzi, nikaibana kope kwa lile koleo la duara, nikaipindua, nikachana kwa ndani, nikakwangua uchafu nikautupa ndooni. Nilidhani ni mafuta tu yaliyoziba kwenye tezi. Kazi ya dakika kumi, safi, na wenzangu wakanisifu mkono wangu.

Baada ya miezi mitatu akarudi. Kivimbe kiko pale pale, na sasa jicho lote la kulia ni jekundu, la kushoto halina kitu.

"Ami, kumbe hukukoma!" nikasema, na sikuwa na haja ya kusema zaidi. Benchi lilijimalizia lenyewe.

Hapa nataka msome polepole. Nilipochana mara ya pili, kilichotoka hakikuwa ule ute laini wa kawaida. Kilikuwa kimechambukachambuka, cha manjano, kama muhogo uliochemka ukavurugika. Nilikiona. Niliona pia kwamba nywele tatu nne za kope hazipo, nikajiambia ni koleo langu lililozing'oa mara ya kwanza. Chupa zilikuwa rafu ya juu. Fomu ya maabara ina mistari mingi, benchi lilikuwa limejaa, na ndani ya masikio yangu watu walikuwa bado wanacheka. Nikatupa ndooni. Niliyeambiwa na Mzee Karisa kwa mdomo wake, nikatupa ndooni.

Sikumwona tena kliniki. Siku chache baadaye nikapita asubuhi nikakuta dirisha limefungwa. Nikasema labda amesafiri. Wiki zikapita, dirisha limefungwa. Nikasema labda ana wageni. Mimi, ambaye nilikuwa najua jicho bovu kwa kumwona mtu akipenya pazia, nilipita mbele ya dirisha lile lililofungwa miezi minane na sikuuliza.

Aliyekuja kunitafuta ni mkewe, Bi Halima. Alinikuta nyumbani Jumamosi baada ya adhuhuri, hakutaka kuketi.

"Nimekuja kukuita kwangu, Mwanajuma. Sikwiti kama jirani. Nakwita kama Sista."

"Kwa nini Ami asije kliniki, Bi Halima?"

"Aje mkamcheke?"

Nikachukua mkoba na tochi. Njiani alinitangulia. Tulipoingia, nilimkuta Ami Bwanaheri amekaa chumba cha ndani, kiti amekielekeza ukutani, taa ya umeme inawaka mchana kweupe juu ya kichwa chake, kofia mkononi. Bi Halima akasema, si kwa kunieleza, bali kwa kunishtaki, kwamba mumewe alifunga dirisha siku ile wanawake wa mtaani walipoanza kuvuta buibui zao wakipita mbele yake na kumwambia, "Ami, fumba jicho." Watoto wa mtaani walikuwa wamempa jina, wanamwita Chungulia. Mtu aliyewashonea kofia baba zao na babu zao.

Nilivuta kigoda nikamulika. Nashukuru kwamba mara hiyo nilinyamaza, ingawa ilikuwa ni hofu iliyoninyamazisha. Kope ya juu ilikuwa imenenepa yote, manjano iliyopauka, ukingo wake umeliwa, hauna unywele hata mmoja. Jicho lilikuwa jekundu kila upande. Mezani palikuwa na vichupa vya matone vimepangwa safu, vyote vya yule kijana wa mlangoni, kwa kuwa jicho jekundu ni jicho jekundu. Nikagusa mbele ya sikio nikakuta tezi ngumu. Nilijua kabla sijaondoa kidole.

"Ami," nilisema, "kwa nini hukurudi?"

"Nilirudi, mwanangu. Mara ya tatu. Nilifika mpaka benchini nikakaa. Nikakusikia ndani unamwuliza mtu kama alitia mahamri. Watu wakacheka. Nikaona kwamba anayefuata ni mimi, nikanyanyuka nikaenda zangu."

Alisema bila hasira, akiutazama ukuta. Mimi nililia. Sikulia kwa heshima, nililia vibaya, na Bi Halima aliniacha nilie bila kuniletea hata maji. Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Akaweka mkono kichwani pangu akasema, "Haya, inuka."

Jumatatu nilimpeleka Mombasa mwenyewe. Walikata kipande, wakakitia chupani, chupa kama zile zilizokuwa rafu yangu ya juu. Majibu yalisema saratani ya tezi za mafuta za kope. Hujifanya chokea inayorudi, na hujifanya jicho jekundu lisilosikia dawa, na humpata zaidi mtu mzima, kwenye jicho moja. Ingepimwa mara ya pili ile, wangekata sehemu ya kope na kuishona, na jicho lingebaki. Daktari wa kule alinieleza hayo kwa upole, akidhani mimi ni binti yake. Kufikia wakati huo kulikuwa na swali moja tu, kama ataishi. Waliondoa kope zote mbili za upande ule, ya juu na ya chini, na jicho pamoja nazo, wakaondoa tezi za upande ule, kisha wakamchoma mionzi. Ameishi. Bado anakwenda kuangaliwa.

Niliporudi kazini nilizishusha zile chupa kutoka rafu ya juu nikazipanga mezani, mahali ambapo huwezi kuchukua koleo bila kuzigusa. Nyinyi mmezikuta hapo na mmenilalamikia kwamba zinawabana. Ziacheni ziwabane. Nikaanza pia kuandika barua za kuomba mlango. Mkubwa mmoja alinijibu kwamba mgonjwa wa macho haoni, kwa hivyo faragha haimhusu. Nikamwandikia kwamba anasikia. Mlango ulikuja hatimaye, mzuri, wa mvule, ukiwa mfupi kwa vidole vinne, na kupitia vidole hivyo vinne benchi liliendelea kusikia. Basi nikazoea kusema polepole. Wenye maduka ya dawa sikuacha kuwasema, wala wenye kuandika barua kama hiyo. Mtu aliyeketi kitini na uso juu, akinipa jicho lake, sikumtania tena. Swali la mahamri nililiacha siku ile ile. Ni nyinyi mlioendelea kulisimulia, na sikuwahi kuwaambia mwache, kwa maana kusifiwa ni kutamu hata kwa kosa lako.

Nawarudisha ukumbini, siku ya saa ya ukutani. Watu walipoanza kutoka, nilimfuata Ami Bwanaheri mlangoni. Kofia aliyovaa ni ya mkono wake mwenyewe, ya baada ya upasuaji, na mstari mmoja wa vitundu umekwenda upande. Kwa jicho moja mtu hajui sindano iko karibu au mbali. Bi Halima ndiye anayemtungia uzi siku hizi.

"Ahsante kwa kuja, Ami. Sikutarajia."

"Nilikuja kusikiliza."

"Kusikiliza nini?"

Akaitengeneza ile miwani.

"Mwanangu, ulinicheka mbele za watu. Radhi uliniomba chumbani. Nilisema labda leo, watu wamejaa, utasema. Wamesimulia mahamri, nawe ukacheka nao."

Akanishika mkono akaniaga vizuri, kama anavyoagana na watu siku zote. Nikabaki pale mlangoni na saa yangu ikigonga ndani ya boksi. Miaka yote ile nilikuwa nikijiambia kwamba sisemi hadharani ili nisimwaibishe yeye. Si kweli. Niliogopa kuchekwa.

Leo asubuhi nimepita kwake. Dirisha bado limefungwa. Kwa hivyo haya niliyoyaandika sikuyaandika ili mweke kwenye faili. Siku ya kliniki, benchi likijaa, mmoja wenu mwenye sauti asimame ayasome, na ikiwa ni marefu mno, basi asome haya ya mwisho: Mimi, Sista Mwanajuma wa kliniki ya macho, nasema kwamba Ami Bwanaheri, fundi wa kofia wa Barani, hakumchungulia mtu. Alikuwa na saratani ya kope, akaniletea mara mbili mkononi mwangu, na mara mbili niliitupa ndooni huku nikiwachekesha. Someni kwa sauti, na mlango muuache wazi.